Balozi, Pasipoti na Cheti cha Ndoa: Mzigo Huu Ulianzia Wapi?

Mkenya anayeishi ughaibuni hukutana na serikali yake mara chache sana. Kuna siku ya kubadilisha pasipoti iliyokaribia kufika kikomo, na kuna siku ya kuuliza kuhusu ndoa: cheti cha kutokuwa na kizuizi, cheti cha ndoa, au jina jipya analotaka liandikwe kwenye pasipoti. Shughuli zote mbili humpeleka kwenye dirisha moja, ubalozini. Wengi huuliza, tena kwa uchovu, kwa nini mambo haya mawili yafungwe kamba moja. Pasipoti ni ya msafiri. Ndoa ni ya wawili na jamaa zao. Katika makala ya leo ninakusudia kuonyesha kwamba kamba hiyo ina historia, na kwamba maneno yenyewe tunayoyatumia yanaisimulia vizuri kuliko fomu tunazojaza.

Tuanze na neno balozi. Wengi hudhani ni la Kiarabu tupu. Waarabu wa Ghuba kweli walilitumia, wakimwita konseli wa Uingereza baliyuzi, lakini wao walilipata kwa Waturuki waliosema balyoz. Waturuki nao walilitoa kwa watu wa Venice, ambao mwakilishi wao mjini Istanbul aliitwa bailo. Ukizidi kuchimba unafika kwenye Kilatini, baiulus, yaani mchukuzi, hamali, mtu wa kubeba mizigo ya wengine. Kumbe balozi, kwa asili yake, ni mpagazi! Kazi ya bailo huyo ilikuwa kuwatazama wafanyabiashara wa Venice waliokuwa ugenini: kuwaamulia kesi, kuandika mikataba yao, na kulinda mali za waliofariki.

Kazi hiyohiyo ndiyo iliyofika kwetu pwani. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa urafiki na biashara na Marekani. Mkataba huo uliiruhusu Marekani kuweka makonseli katika bandari za Sultani, ukawapa mamlaka ya kuamua magomvi baina ya Wamarekani wenyewe. Konseli wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja mwaka 1837. Mwingereza Atkins Hamerton akafuata mwaka 1841, na Wafaransa wakafanya mkataba wao mwaka 1844. Waswahili wa wakati huo hawakuhitaji kamusi ili kuelewa balozi ni nani. Walimwona ni mzungu mwenye bendera juu ya paa, na watu wake hawapelekwi kwa kadhi wala kwa liwali.

Hapo ndipo swali la nani ni mtu wa nani lilipoanza kuwa zito. Mwaka 1860 konseli wa Uingereza, Christopher Rigby, aliwahesabu Wahindi wa Unguja kuwa wako chini ya himaya yake. Kwa hoja hiyo akawalazimisha kuwaacha huru watumwa waliokuwa wakiwamiliki, na maelfu ya watu wakapata uhuru. Jina likiwa kwenye daftari la konseli, mwenye jina anafuata sheria ya konseli. Wenye majahazi wa Sur, Oman, waliielewa hesabu hii haraka. Walijipatia hati na bendera za Ufaransa, na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikisaka majahazi ya watumwa zikakosa ruhusa ya kuwapekua. Mzozo huo ulifika hadi mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo mwaka 1905 ilitoa uamuzi uliobana haki ya Ufaransa ya kutoa hati hizo. Karatasi ya konseli, basi, ilimkomboa mtumwa mmoja na kumficha mwenye kumsafirisha mwingine. Karatasi haina dini.

Na pasipoti? Mfano wa kale ulio karibu nasi ni barua. Mmishonari Ludwig Krapf alipofika Unguja mwaka 1844, Hamerton alimfikisha kwa Sayyid Said, naye Sultani akamwandikia barua kwa maliwali wake wa mrima. Aliwaeleza kwamba mbebaji ni mtu mwema, wampokee vizuri, wamsaidie kila aendako. Sasa fungua pasipoti yako ukurasa wa mwanzo. Utakuta maneno ya namna hiyohiyo: kwa jina la Rais, wote wanaohusika wanaombwa wamruhusu mbebaji apite bila kizuizi na wampe msaada atakaouhitaji. Pasipoti ni barua ya mkubwa kwa wakubwa wenzake, inayomwombea mtu wake heshima.

Lakini barua hiyo iligeuka. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza watu wengi walivuka mipaka ya Ulaya bila pasipoti. Vita vikaleta hofu ya majasusi, na hofu ikaleta picha, sahihi na maelezo ya sura. Mwezi Oktoba mwaka 1920, mkutano ulioitishwa na Shirikisho la Mataifa mjini Paris ulikubaliana juu ya kijitabu cha namna moja: kurasa 32, kiandikwe kwa lugha zisizopungua mbili, mojawapo Kifaransa. Kijitabu hicho kilikuwa na sehemu ya mwenye pasipoti na sehemu ya mkewe. Naam, mkewe! Mke hakuhitaji kijitabu chake. Aliingizwa kwenye cha mumewe kama mtoto.

Huku kwetu miaka hiyohiyo, Mwafrika alikuwa akivishwa pasi ya aina nyingine. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa ukali baada ya vita. Mwanamume alitakiwa atembee na kipande chenye alama za vidole vyake, mara nyingi ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni. Harry Thuku na wenzake walikipinga kuanzia mwaka 1921, lakini hakikuondolewa hadi mwaka 1947, sheria ya usajili ilipoelekezwa kwa watu wa rangi zote. Pasipoti ilimwombea mtu njia. Kipande kilimnyima njia. Hata leo mzee wa kijijini akiombwa kitambulisho atakuambia, "Ngoja nilete kipande," na kila ninaposikia neno hilo najua lugha haisahau upesi.

Turudi kwenye ndoa. Waingereza walitunga sheria ya ndoa za kikonseli mwaka 1849, wakaipanua mwaka 1892. Raia wao aliyekuwa katika nchi isiyokuwa na kanisa lake wala msajili wake aliweza kuoa mbele ya konseli, na ndoa ikatambuliwa nyumbani. Kwa upande mwingine, sheria yao ya mwaka 1870 ilisema mwanamke Mwingereza akiolewa na mgeni, basi amekuwa mgeni. Sheria hiyo ya kumvua mwanamke uraia kwa kosa la kuolewa iliendelea, pamoja na marekebisho ya hapa na pale, hadi mwaka 1948. Hapa ndipo kamba ninayoizungumzia ilipofungwa. Kama uraia wa mke ni kivuli cha uraia wa mume, afisa wa pasipoti hana budi kuuliza: umeolewa? Na nani?

Pwani yetu ina ushahidi wa jambo hili katika maisha ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said. Alikuwa na uhusiano na Mjerumani mfanyabiashara, Heinrich Ruete. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akisaidiwa na mke wa kaimu konseli wa Uingereza. Akafika Aden, na huko, tarehe 30 Mei 1867, akabatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyohiyo. Miaka mitatu baadaye mumewe alifariki katika ajali mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu. Salme akadai urithi wake Unguja. Mwaka 1885 alirejea na meli za Wajerumani, akihesabiwa sasa kuwa mtu wao, na Bismarck akamtumia kama karata katika mchezo wa kugawana Afrika Mashariki. Ndugu yake, Sultani Barghash, hakumkubalia. Binti wa mfalme alizaliwa Unguja, akaolewa Aden, akafia Ujerumani mwaka 1924, na swali la ni mtu wa nani halikumwacha. Kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 1886 zinafaa kusomwa na kila anayedhani kuoana ng'ambo ni mambo ya juzi tu.

Ndoa zetu wenyewe nazo zilitazamwaje? Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu wa mkoloni aliamua kwamba ndoa ya kimila ya Kiafrika haistahili kuitwa ndoa. Kwake ilikuwa ununuzi wa mke. Uamuzi huo haukuishia mahakamani. Ulifanya ndoa za wengi zikose karatasi, na ndoa isiyo na karatasi haionekani na afisa aliye ng'ambo. Jomo Kenyatta alipofunga ndoa na Edna Clarke huko Sussex mwaka 1942, alikuwa ameoana na Grace Wahu nyumbani tangu 1919. Msajili wa Kiingereza angemuuliza nani? Hapakuwa na ubalozi wa Kenya, maana hapakuwa na dola ya Kenya. Cheti cha kutokuwa na kizuizi, ambacho vijana wetu hukilalamikia leo, kimewekwa kwa ajili ya swali hilo: je, kuna mtu nyumbani?

Uhuru ulipokuja tulipata balozi zetu, ila sheria tulizirithi na ukali wake. Katiba ya zamani ilimruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya kuomba uraia. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mkenya hakupewa njia hiyo. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alipata uraia kupitia babake. Mama Mkenya aliyejifungua ng'ambo kwa mume mgeni alirudi nyumbani na mtoto ambaye kisheria alikuwa mgeni. Uraia pacha ulikatazwa. Na pasipoti? Katika miaka ya 1980 mahakama ilishikilia kwamba kutolewa kwake ni hiari ya dola, wala si haki ya mwananchi. Wapinzani wa serikali walionyang'anywa vijitabu vyao waliujua uchungu wake.

Hapa neno raia lina somo kwetu. Limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kundi la mifugo linalochungwa. Kwa miaka mingi tulitendewa hivyohivyo. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyolibadilisha neno hili kwa vitendo. Kifungu cha 12 kinasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti. Kifungu cha 13 kinasema uraia haupotei kwa kuoa au kuolewa, wala kwa ndoa kuvunjika. Kifungu cha 14 kinampa mtoto uraia kupitia mama au baba, popote alipozaliwa. Kifungu cha 15 kinamruhusu mume au mke wa Mkenya kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa. Kifungu cha 16 kinamhakikishia raia wa kuzaliwa kwamba hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Kisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ikakusanya pamoja ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, ikazipa zote hadhi ya ndoa. Amkeyo amepumzika, hatimaye.

Sheria hiyo pia inaruhusu ndoa kufungwa katika ubalozi wa Kenya endapo angalau mmoja wa wanaooana ni Mkenya, na inatambua ndoa iliyofungwa ng'ambo kwa kufuata sheria za huko, ikiwa wahusika walikuwa na uwezo wa kisheria wa kuoana. Kwa hiyo anayedhani lazima aolewe mara mbili, kule na hapa, ajitulize. Vilevile hakuna sheria inayomlazimu mke kuchukua jina la mumewe. Akilitaka, aandamane na cheti cha ndoa. Asipolitaka, pasipoti yake ni yake.

Je, mzigo umekwisha? La. Pasipoti ya kielektroniki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuliyoianza mwaka 2017, inahitaji alama za vidole, na mitambo ya kuzichukua iliwekwa katika balozi chache tu. Mkenya anayeishi mbali na balozi hizo hupanda ndege au kusafiri usiku kucha, akakose siku ya kazi, kwa shughuli ya dakika chache. Aliyeolewa kimila na hana cheti hubaki akieleza mambo ambayo dirisha halina sikio la kuyasikia. Majina nayo hugombana: cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, kitambulisho matatu, cheti cha ndoa cha ugenini kimeyapindua. Yaani mtu anaambiwa yeye si yeye! Ushauri wangu kwa walio nje ni mfupi: linganisha majina kabla ya kufunga ndoa, si baada, sajili ndoa ya kimila ukiwa likizoni nyumbani, na usingoje pasipoti ife ndipo uitafutie uhai.

Kwa wenzangu wa lugha nina pendekezo. Kiswahili ni lugha rasmi chini ya kifungu cha 7 cha Katiba, lakini fomu za balozi zetu zinazungumza Kiingereza. Istilahi tunazo tayari: kuhuisha pasipoti, msajili wa ndoa, cheti cha kutokuwa na kizuizi, konseli kwa afisa wa huduma za raia na balozi kwa mwakilishi wa Rais. Ziandikwe kwenye fomu, sambamba na Kiingereza, ili mama aliyeajiriwa nyumba ya mtu kule Ghuba aelewe anachotia sahihi kabla hajatia. Yeye ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya ile maana ya kwanza ya neno balozi: mtu aliyetumwa ugenini kubeba mizigo ya watu wake.