Kidonda cha ng'ombe kina historia, na sisi tunaijengea ploti

Wasee wa Kitengela, ile mishubiri yenye miiba tunayong'oa tukijenga, Wamaasai wanaiita osuguroi. Kabla agroveti hazijajaa hapa, wafugaji wa Kajiado walikuwa wanapaka utomvu wake kwenye vidonda vya mifugo. Hiyo si stori ya porini tu. Kule Misri, miaka kama 3,600 iliyopita, hati ya mafunjo inayojulikana leo kwa jina la Edwin Smith ilisema kidonda kipakwe mafuta na asali. Yaani vitu viwili pamoja.

Kwa nini kuchanganya? Asali inafyonza maji, bakteria wanakosa raha. Mafuta yanazuia kidonda kukauka. Najua umeambiwa kidonda kiachwe kikauke. Mwaka wa 1962, George Winter wa Uingereza alijaribu hilo kwa nguruwe. Vidonda vingine alifunika na plastiki nyembamba, vingine akaacha wazi. Vilivyofunikwa viliota ngozi mpya karibu mara mbili upesi.

Winter hakuwa na dawa kali kuliko ya mfugaji. Alicho nacho ni kulinganisha. Ukipaka mshubiri na asali, ng'ombe akapona, utajuaje ni mshubiri, ni asali, ama ni mwili umejiponya? Kundi moja lipate mshubiri, la pili asali, la tatu mchanganyiko, la nne lioshwe tu na maji ya chumvi. Halafu pima vidonda siku baada ya siku. Mchanganyiko ukishindwa na asali pekee, tukubali. Kuheshimu dawa ya wazee ni kuipima, si kuisifu tu mtandaoni.

Shida ni muda. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa 1988, mashamba yakauzwa, fensi zikaja. Ni kweli Rais Moi alipiga marufuku kuvuna mishubiri ya mwituni mwaka wa 1986, lakini tingatinga la ploti halivuni, linafagia. Na wazee wanaojua mmea upi unapakwa wapi hawaishi milele.

Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Basi vyuo vije Kajiado viulize, vipime, na jamii itambuliwe na ilipwe. La sivyo, manze, siku moja tutanunua osuguroi kwa chupa kutoka ng'ambo, na bei itakuwa ya dola.