Kufuli ya droni haitoshi: tujue ilikotoka

Mkulima mwenzangu, wiki hii nimeulizwa swali na mwenye bustani ya mchicha huku Mwanakwerekwe. Kijana anataka kumpigia dawa kwa droni, na amemwambia: "Usiwe na wasiwasi, hii ina kufuli, haiwezi kuruka pasiporuhusiwa." Je, aamini? Kabla ya kujibu, turudi nyuma kidogo.

Januari 2015, droni ndogo ilianguka kwenye uwanja wa Ikulu ya Marekani. Siku chache baadaye kampuni iliyoitengeneza, DJI ya China, ikatoa programu mpya ya kuzizuia droni zake kuruka katikati ya Washington. Kazi yake ni hivi: droni hujua ilipo kwa satelaiti, kisha hulinganisha na ramani iliyomo ndani yake. Ikiwa eneo limekatazwa, injini haiwaki. Ikiwa tayari iko angani, husita mpakani kama ng'ombe mbele ya uzio.

Kwetu Zanzibar droni ilikuja na kheri. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ilianza kupiga picha visiwa vyetu kutoka angani, na wanafunzi wa SUZA wakafunzwa kuzirusha. Mwaka 2019 droni ya kilimo ilinyunyiza kimiminika kwenye bonde la mpunga la Cheju kuzuia viluwiluwi vya mbu wa malaria. Kazi zote hizo zilifanywa pamoja na serikali.

Lakini Desemba 2018 uwanja wa Gatwick, Uingereza, ulifungwa kwa sababu ya taarifa za droni, na safari za ndege zipatazo 1,000 zikavurugika. Ramani iliyomo ndani ya chombo huweza kupitwa na wakati, programu huweza kuchezewa, na droni ya kuunga mwenyewe huenda haina kufuli kabisa. Na Januari 2025 DJI yenyewe iliondoa zuio hilo Marekani, ikabakisha onyo tu. Uamuzi ukarudi kwa mrushaji.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kufuli ni msaada, si ruhusa. Tanzania ina kanuni za droni tangu 2018, na msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Sisi wa Mwanakwerekwe tuko jirani na Uwanja wa Abeid Amani Karume. Ndege yenye abiria inaposhuka, haina pa kukwepea.

Kabla hujatoa pesa yako, fanya haya:

1. Mwambie akuoneshe usajili wa droni na kibali cha kuruka eneo lako.
2. Muulize ramani ya droni ilisasishwa lini.
3. Mjuulishe sheha na majirani siku na saa.
4. Akisema "kufuli inatosha", mshukuru, kisha chukua bomba lako la mgongoni.

Mchicha unaweza kusubiri siku mbili. Ndege iliyo angani haisubiri.