Mapaa ya Bagamoyo na Hesabu ya Sola

Kaole, kilomita chache kusini mwa Bagamoyo, kuta za msikiti wa karne ya 13 bado zinaonekana na makaburi ya nguzo yamesimama, lakini paa halipo hata moja. Magofu ya Kunduchi nayo yako hivyo hivyo. Pwani hii paa ndilo hutangulia kufa, na mwenye nyumba anayetaka sola aanzie hapo kabla ya kuulizia wati au bei ya betri. Paneli nyingi za leo huuzwa kwa dhamana ya miaka 25 ya kuzalisha umeme. Je, kilicho chini yake kitafika huko?

Watu wa zamani hawakulitegemea paa lao hivyo. Kuti lilikaa miaka michache tu, kisha nyumba ikaezekwa upya, na kila mtu alilijua hilo tangu siku ya kujenga. Nyumba za mawe za wafanyabiashara wa karne ya 19, enzi za misafara ya pembe na watumwa, ziliezekwa paa bapa: boriti za mikoko zimelazwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa iliyoshindiliwa. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, mita tatu hivi au pungufu. Chokaa nayo ilipasuka, ikavuja, ikadai kusiribwa tena. Tajiri na mpagazi, kila mmoja alikuwa na kazi ya paa isiyokwisha. Bati ndilo lililobadilisha mambo. Lilienea katika zama za ukoloni, hata nyumba nyingi za mawe zikavikwa bati juu ya paa lao bapa la zamani. Likaja na raha ya kuezeka na kusahau, na kwa maoni yangu sola imerithi usahaulifu huo.

Atatokea wa kusema kuwa yapo mabati ya mkoloni yaliyowazika babu zetu walioyaezeka. Ni kweli, ila yale yalikuwa mazito. Bati la geji 30 au 32 linalouzwa leo ni jembamba, na upepo wa bahari hauchoki. Kutu huanzia kwenye tundu la msumari na pale bati moja linapolalia jingine, ambako unyevu wa chumvi haukauki upesi. Aliye chini haoni kitu mpaka dari ipate doa la kahawia. Fundi wa sola huongeza matundu mapya juu ya hayo, na fremu ya alumini ikigusana na chuma katika hewa ya chumvi, kimoja hulika haraka. Ndiyo maana bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Uzito wenyewe si wa kutisha, kilo 10 hadi 15 kwa mita ya mraba. Cha kuogopwa ni kusi kupenya chini ya paneli na kuinyanyua, kwa hiyo vishikio vikamate papi na kenchi, visining'inie kwenye bati peke yake.

Lipo pia suala la upande. Bagamoyo iko kama nyuzi 6.5 kusini mwa ikweta, na tangu mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita kaskazini. Mteremko unaotazama kaskazini, wa nyuzi kama 10 ili mvua ioshe vumbi na chumvi, ndio bora. Lakini nyumba nyingi za huku zilielekezwa baharini au barabarani bila kulifikiria jua, basi upande unaofaa huenda ukawa ule wa uani, chini ya minazi. Kivuli cha mnazi mmoja juu ya paneli moja hupunguza umeme wa safu nzima.

Wengine watasema maadamu bwawa la Rufiji linazalisha, haya yote ya nini. Umeme wa gridi kweli umeongezeka, na asiyekatikiwa mara kwa mara ana haki ya kusubiri. Aliyekwisha kuamua, na bati lake limekaa miaka mingi likitazamana na bahari, abadilishe kwanza bati la upande utakaobeba paneli. Akiliacha, siku litakapooza atamlipa fundi kuzishusha paneli, atamlipa wa kuezeka, kisha atamlipa tena wa kuzipandisha. Kwa nyumba za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, zinazoangaliwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ni heri kuuliza ofisi ya Mambo ya Kale mapema. Mara nyingi fremu iliyosimamishwa uani itafaa kuliko kuzigusa boriti za mikoko.