Historia ya Alama ya Maji: Kutoka Karatasi hadi Picha na Maandishi ya Kompyuta

Mtu ainuapo karatasi ya kale na kuielekeza kwenye nuru, mara nyingi huona ndani yake umbo lisiloonekana karatasi inapolazwa mezani: msalaba, kichwa cha ng'ombe, taji, au hilali tatu zilizopangwa kwa safu. Umbo hilo huitwa alama ya maji. Waingereza na Wajerumani nao hulitaja kwa jina la maji, bali Wafaransa na Waitalia hutumia neno lenye asili ya Kilatini, lililoundwa kwa maneno mawili yenye maana ya uzi na punje. Kila jina lina ukweli wake, kwani la kwanza lakumbusha rojo ambamo karatasi huzaliwa, na la pili lafanana na waya uichorao alama. Siku hizi jina la maji limehamia katika picha na maandishi ya kompyuta, ambamo hamna maji wala waya. Yafaa kuchunguza limehama kwa njia gani, na ni tatizo gani lililohama pamoja nalo.

Waitalia walipokea kazi ya kutengeneza karatasi kutoka kwa Waarabu, lakini alama hii waliianzisha wenyewe. Alama ya kale kabisa ijulikanayo ni ya mwaka 1282, na mji uliosifika kwa kazi hiyo ni Fabriano. Fundi alipinda waya kwa umbo alilotaka, akaushona juu ya wavu wa kalibu. Kalibu ilipochovywa katika rojo la matambara yaliyopondwa, nyuzi zilitanda kidogo zaidi palipo na waya, na mahali hapo karatasi ikawa nyembamba na yenye kupitisha nuru. Kwa alama hiyo mnunuzi alitambua kiwanda, na baadaye ukubwa na daraja la karatasi. Mwaka 1907 Charles-Moïse Briquet alitoa kamusi yenye picha 16,112 za alama hizo, na tangu hapo wanahistoria wameitumia kukadiria umri wa hati zisizo na tarehe.

Jambo hili lawahusu pia wachunguzi wa miswada ya Kiswahili. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, iliandikwa juu ya karatasi zilizotoka Ulaya. Na karatasi za Italia zenye hilali tatu zilitengenezwa makusudi kwa ajili ya soko la nchi za Kiislamu. Lakini alama hiyo yasema habari za karatasi tu. Haisemi neno lolote juu ya mtungaji, na muswada unaponakiliwa juu ya karatasi nyingine, hilali hazihami pamoja na beti.

Washairi wa pwani walikuwa na dawa yao. Mwishoni mwa utendi mtungaji alizoea kutaja jina lake, tarehe, na hata idadi ya beti. Mwana Kupona binti Mshamu alifanya hivyo katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1275 wa Hijria, sawa na mwaka 1858. Jina likiwa limefungwa ndani ya vina na mizani, kulibadili ni kuharibu ubeti. Na mtu akiutoa ubeti mzima, hesabu iliyotajwa humshtaki. Hii ni alama isiyokaa katika karatasi bali katika utungo wenyewe, na kila anakili ambaye ni mwaminifu huibeba, hata kama hajui kazi yake. Tofauti hii baina ya alama ya chombo na alama ya kazi ndiyo kiini cha historia yote inayofuata.

Alama ikipata thamani, hupata pia adui. Noti za Benki ya Uingereza zililindwa kwa alama ya maji, na mwaka 1779 John Mathison alinyongwa London baada ya kugundua namna ya kuighushi. Tangu hapo ilikuwa dhahiri ya kuwa usalama hauwezi kutegemea alama kufichika peke yake.

Sauti ilitangulia picha katika kupokea alama za umeme. Mwaka 1954 Emil Hembrooke, wa kampuni ya Marekani iitwayo Muzak, aliomba hataza ya kutia utambulisho ndani ya muziki, akaipata mwaka 1961. Mtambo wake ulinyamazisha kwa vipindi sehemu nyembamba sana ya sauti, na vipindi hivyo, virefu na vifupi, vikawa herufi za simu ya upepo. Msikilizaji hakutambua lolote, lakini mwenye mtambo aliweza kusoma jina la mwenye mali.

Picha zilipogeuzwa kuwa tarakimu, njia ya kwanza ilikuwa nyepesi. Katika picha isiyo na rangi kila nukta hupewa namba baina ya 0 na 255, nayo huandikwa kwa tarakimu nane za sifuri na moja. Tarakimu ya mwisho ikibadilishwa, weupe wa nukta husogea daraja moja tu, na jicho haliwezi kuona. Andrew Tirkel na wenzake, huko Australia, walieleza alama ya namna hiyo mwaka 1993. Dosari yake ni kwamba kilicho hafifu mno kwa jicho ni hafifu pia mbele ya kila badiliko: picha ikibanwa ili ichukue nafasi ndogo, tarakimu hizo ndizo za kwanza kupotea.

Mwaka 1997 Ingemar Cox, Joe Kilian, Tom Leighton na Talal Shamoon walitoa jibu lililopindua fikira hiyo. Alama, walisema, isifichwe pembeni mwa picha pasipo na maana, bali itiwe katika sehemu zilizo muhimu kuliko zote. Waliichambua picha katika mawimbi yaliyoiunda, wakachagua vipimo elfu moja vilivyo vikubwa zaidi, wakavibadili kidogo kidogo kwa mfuatano wa namba za bahati. Hakuna badiliko moja lililoonekana, ila yote kwa jumla yalitambulikana, hata baada ya picha kuchapwa, kunakiliwa kwa mashine na kurudishwa katika kompyuta. Atakaye kuing'oa alama hana budi kuiharibu picha. Hiyo ndiyo hali ya jina lililofungwa ndani ya vina.

Maandishi yalikuwa magumu zaidi. Katika miaka ya 1994 na 1995 Jack Brassil na wenzake, katika maabara ya Bell ya kampuni ya AT&T, walisogeza mistari ya ukurasa juu au chini kwa sehemu moja ya 300 ya inchi, ili kila nakala iwe na mpango wake na mvujaji wa waraka ajulikane. Lakini mtu akiyapiga chapa upya maneno yaleyale, alama hutoweka, kwa kuwa ilikaa katika ukurasa, si katika lugha. Mwaka 2023 John Kirchenbauer na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Maryland, waliiingiza alama ndani ya uteuzi wa maneno wenyewe: kompyuta itungapo maandishi hugawa msamiati kwa ufunguo wa siri na kupendelea fungu moja, na anayehesabu maneno baadaye huona upendeleo huo. Alama ya aina hii huhimili kunakiliwa. Kinachoidhoofisha ni kusema jambo lilelile kwa maneno mengine.

Kuna pia alama ya maji isiyofichwa. Mwaka 1996 Maktaba ya Vatikani na kampuni ya IBM walieleza jinsi walivyotia alama ya kuonekana juu ya picha za miswada ya kale, ili wasomaji wazitumie lakini wasiziuze. Njia hiyo yafaa kupimwa kwa makini na wote wanaotunza miswada ya Kiswahili, iliyoko Dar es Salaam na London, na ambayo picha zake zaweza kufika kila mahali. Nembo ya mtunzaji juu ya picha yasema nani ameishika karatasi, kama vile hilali tatu zilivyosema nani aliitengeneza. Haisemi utungo ni wa nani. Habari hiyo imo katika beti za mwisho, na picha inayosambazwa bila ukurasa huo imepoteza alama ambayo mtungaji mwenyewe aliiweka.