Taa Isiyozimwa

Vijana wenzangu wa kalamu, tumezoea kuandika historia za machifu, vita na mapenzi ya mjini. Hebu leo niandike historia ya taa. Taa yenyewe ni ndogo kuliko punje ya ulezi, lakini bila yake shairi lako la Karatu lisingefika London kabla hujamaliza kupiga chafya.

Sisi wa Karatu tukitaja mawasiliano tunataja barabara: Makuyuni, Mto wa Mbu, kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, Karatu mjini, kisha lango la Lodoare na Ngorongoro. Barua zilikuja na basi. Mswada ulikwenda Dar ndani ya bahasha, na jibu likasubiriwa kama masika. Siku hizi simu inarusha maneno hadi mnarani kwa mawimbi ya redio. Ila yakitaka kuvuka bahari, yanageuzwa kuwa mwanga na kupita ndani ya uzi wa kioo. Nani anayageuza? Ni leza ya semikondakta.

Leza hiyo ilizaliwa mwaka 1962. Mmoja wa waliotangulia ni Robert Hall wa kampuni ya General Electric, Marekani. Ilikuwa mgonjwa tangu kuzaliwa: ilibidi ipozwe kwa baridi kali, na iliwaka kwa kushtukashtuka tu. Mwaka 1966, huko Uingereza, Charles Kao na George Hockham walisema kioo safi kingeweza kubeba simu, mradi katika kila sehemu 100 za mwanga ibaki walau 1 baada ya kilomita 1. Mwaka 1970 mambo mawili yakakutana. Kampuni ya Corning ilipata kioo hicho, na leza ikawaka mfululizo bila kupozwa, kwanza mikononi mwa kundi la Zhores Alferov kule Leningrad, kisha kwa Hayashi na Panish wa Bell Labs. Leo, baada ya kilomita 1, zinabaki sehemu kama 95.

Sasa, unaandikaje kwa taa? Unachezea mkondo wake wa umeme: ukiongeza, mwanga unapanda, hiyo ni 1, ukipunguza unashuka, hiyo ni 0. Kinachonivutia mimi ni kwamba leza ya kasi haizimwi kabisa. Ukiizima, itachelewa kuamka. Basi inaachwa ikiwaka, inafifishwa na kung'arishwa mabilioni ya mara kwa sekunde. Halafu ukiishtua, mwanga unayumba kidogo kabla ya kutulia. Nguvu ikiwa kubwa, kuyumba kunakuwa kwa haraka zaidi, nayo leza inaandika haraka zaidi: nguvu mara 4, kasi karibu mara 2, hadi joto litakapoingilia kati.

Kasi ina bei yake, bwana. Mkondo ukibadilika, rangi ya mwanga nayo inateleza kidogo, na ndani ya kioo kila rangi ina mwendo wake. Chukua washkaji wawili wanaotoka Karatu pamoja kwa miguu. Wakiwa bado mjini wako bega kwa bega; Lodoare mmoja anafika, mwingine haonekani. Ndivyo 1 inavyomwagikia 0 ya jirani. TAT-8, waya wa kwanza wa mwanga kuvuka Atlantiki mwaka 1988, ulichagua rangi ambayo tofauti hiyo ya mwendo ni ndogo sana. Nyaya ndefu za leo huiacha leza iwake kwa utulivu, na kidirisha kilicho mbele yake ndicho kinachokata mwanga. Leza inayochezewa yenyewe imebaki kwenye safari fupi, kwa kuwa ni rahisi.

Kwetu mwanga ulifika Julai 2009, waya wa SEACOM ulipofunguliwa Dar es Salaam. Kabla ya hapo intaneti ya nchi ilitegemea zaidi setilaiti. Oktoba mwaka huohuo Kao alitangazwa mshindi wa Nobel. Mwaka 2010 ukafuata EASSy, nao Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kuifikisha njia hiyo bara.

Lakini kreta ya Ngorongoro ina kina cha mita 600 hivi, na redio haipiti ndani ya mlima. Kijiji kilichofichwa na mlima kinangoja mnara wake, nao mnara unahitaji njia ya kuufikisha ujumbe kwenye mkongo. Hatua fupi za mwisho ndizo zinazoamua nani asomwe. Na hatua fupi ndiko leza ile rahisi inakofaa.

Kwa nini haya yamhusu mwandishi? Kwa sababu mtu asiyejua chombo kinachobeba sauti yake hubaki mgeni ndani yake, hajui hata adai nini. Neno "mkongo" tumeshalipata. Lakini kule kuyumba kwa mwanga, na ile rangi inayoteleza, bado tunavieleza kwa kuzunguka. Kazi ya kuvitafutia majina ni ya nani, kama si yetu?