Namna Kiini cha Atomu Kilivyopata Kujulikana

Mtu akitaka kujua kilichomo gizani hutupa jiwe, kisha husikiliza. Ndivyo walivyofanya wenye elimu ili waijue atomu, ile chembe ndogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo vitu vyote vimejengwa nayo.

Mwaka 1909, mjini Manchester, Uingereza, Bwana Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, aliwapa kazi Hans Geiger na Ernest Marsden. Marsden alikuwa mwanafunzi wa miaka 20 tu. Walizielekeza chembe za alfa, ziendazo kwa mwendo mkali sana, juu ya mabamba membamba ya dhahabu na madini mengine. Wakakaa gizani, wakihesabu cheche moja moja kwa hadubini. Karibu zote zilipita kana kwamba hapana kitu. Lakini kwa platini, moja katika 8,000 hivi ilirudi nyuma!

Rutherford alifikiri sana, na mwaka 1911 akatoa jibu: atomu ni tupu karibu yote, na uzito wake umekusanyika katika kiini kidogo kilicho katikati. Kiini na chembe ya alfa vina umeme wa namna moja, kwa hiyo husukumana.

Je, mgongano waweza kuibadili atomu yenyewe? Mwaka 1919 Rutherford aliona hidrojeni ikitoka katika naitrojeni iliyopigwa. Mwaka 1925 Patrick Blackett aliondoa shaka. Katika picha zenye nyayo 400,000 hivi alipata 8 tu ambamo naitrojeni ilimeza chembe ya alfa, ikawa oksijeni.

Sisi wa Kongo habari hii inatugusa. Mwisho wa mwaka 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga uraniamu kwa nyutroni. Lise Meitner na Otto Frisch wakaeleza kwamba kiini chake kimepasuka. Februari 1943 Papa Pio XII aliwaonya wenye elimu wa Akademia ya Kipapa juu ya hatari ya nguvu hiyo. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu liliangamiza Hiroshima, na uraniamu ya Shinkolobwe, kwetu Katanga, ilitumika kulitengeneza. Wachimbaji hawakuambiwa jiwe lao linakwenda kufanya nini.

Kuhesabu cheche gizani si dhambi. Ni kuistaajabia kazi ya Muumba. Lakini anayetaka kutupa jiwe gizani, na aulize kwanza nani amelala humo.