Bakuli la Jodrell Bank

Kusini ya mji wa Manchester, katika nchi ya Uingereza, yapo mashamba yaitwayo Jodrell Bank, ambako zamani wataalamu wa mimea wa chuo kikuu walifanya majaribio yao. Mwishoni mwa mwaka 1945 alihamia huko Bernard Lovell, mwalimu wa fizikia, pamoja na mitambo ya rada iliyokwisha kutumika vitani. Mjini alishindwa kufanya kazi, kwa kuwa umeme wa tramu uliivuruga mitambo yake.

Mwaka 1952 mhandisi Charles Husband alianza kumjengea bakuli la chuma lenye upana wa futi 250, liwezalo kugeuzwa kuelekea kila upande wa mbingu. Mawimbi dhaifu ya redio huangukia ndani yake, nayo hurudishwa yote pamoja kwenye ncha ya mlingoti uliosimama katikati. Meno ya chuma ya kuliinamisha na kuliinua yalitolewa katika mizinga ya manowari mbili kuukuu, Royal Sovereign na Revenge. Si kwa kupenda mafumbo, bali kwa kuwa yalikuwa rahisi.

Hata hivyo fedha zilikwisha kabla ya kazi. Gharama zilipanda maradufu, kamati ya Bunge ikalaumu, na Lovell akaishi kwa hofu ya kushtakiwa.

Msaada ulitoka mahali pasipotazamiwa. Tarehe 4 Oktoba 1957, bakuli likiwa na umri wa miezi miwili tu, Warusi walirusha Sputnik, na baada ya siku chache Lovell aliliona kwa rada kombora lililoichukua. Tena, mwezi wa Machi 1960, Wamarekani walirusha chombo Pioneer 5 kulizunguka jua. Amri ya kukitenga na kombora lake ilipelekwa kwa redio kutoka Jodrell Bank, nacho kikatii. Kikazidi kwenda, sauti ikififia, hata tarehe 26 Juni kikasikika mara ya mwisho kutoka maili milioni 22 na nusu. Habari zake, ijapokuwa hukimbia maili 186,000 kwa sekunde, zilichukua dakika mbili kufika. Hapakuwa na mtu aliyewahi kusikia chombo cha binadamu kutoka mbali hivyo.

Mwaka huo huo Lord Nuffield, tajiri wa motokaa, pamoja na wakfu wake, walilipa deni lililosalia. Lovell alifariki mwaka 2012, mwenye umri wa miaka 98. Bakuli, lililopewa jina lake mwaka 1987, lingali likigeuka.